Mafungo ya Wenye Nauli



 Leo sina fundisho lililonyooka. Nina swali ambalo limenikaa kooni tangu Kwaresima, nikaona nililete mezani tulitafune wote.

Kwa wasionifahamu, nipo kwenye mwaka wa uchungaji katika parokia moja ndogo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Falsafa nimemaliza, teolojia bado. Kwa sasa basi mimi ni frateri wa kila kitu: nafundisha wa kipaimara, nashika funguo za sakristia, na namsaidia Padre kuwalea vijana. Mwezi Machi vijana wakaomba mafungo, na wakasema wazi kwamba hawataki mafungo ya kukaa kwenye mabenchi yale yale wanayokaa kila Jumapili. Wanataka kutoka. Tukakubaliana twende Hombolo, kule bwawani, siku nzima ya Jumamosi: tafakari asubuhi, ukimya kando ya maji, maungamo, Misa, chakula, halafu michezo kidogo kabla ya kurudi.

Mchango ulikuwa shilingi 20,000 kwa kila mmoja. Tulipiga hesabu vizuri, hatukuiba hata senti: Coaster ya kukodi, wali na kuku, soda, maji. Mwisho wa kulipa Jumatano jioni. Jumatano usiku nikaketi na daftari, nikaandika majina 27, nikapiga mstari chini yake. Mstari ule niliupiga mimi kwa rula yangu.

Kijana mmoja wa kwaya, sauti ya besi, hakuwa kwenye orodha. Siku chache kabla alikuwa ameniambia, "Frateri, Jumamosi nina dharura." Nikamjibu, "Pole, tutakuombea." Sikuuliza dharura gani. Jamani, sisi tuliokulia huku tunajua kabisa neno "dharura" linafunika nini, lakini nilikuwa na haraka ya kufunga daftari.

Jumamosi tukaondoka tukiimba. Hatukufika mbali. Penye matuta, karibu na mashamba ya zabibu, Coaster ikapunguza mwendo, na pale kando ya barabara alikuwa amesimama yule wa besi, kreti ya zabibu begani, shati limelowa. Machi kwetu ni msimu wa kuvuna, na yeye ni kibarua wa shamba la mtu. Akatuona. Akainua mkono, akacheka. Mmoja wetu akalitaja jina lake kwa sauti dirishani, wengine wakapunga mikono, gari likavuka tuta na wimbo ukaendelea bila besi.

Yeye hakuona aibu. Mimi ndiye niliyeinamisha macho kwenye kitabu changu. Mada ya siku ile, niliyoichagua mwenyewe, ilikuwa "Kanisa ni Familia ya Mungu".

Sasa nisiwe mwongo: mafungo yale yalikuwa mazuri. Kuna vijana waliungama baada ya miaka. Kuna wawili walionuniana tangu Krismasi walionekana wakigawana kipande cha kuku. Ile saa ya ukimya mbele ya maji, upepo unavuma na hakuna anayeshika simu, sitaisahau. Na ndiyo maana swali langu ni gumu. Kama mafungo yangekuwa mabovu, ningesema tumekosea na kufunga mjadala. Lakini yalikuwa mema. Swali ni hili: Je, jumuiya inaweza kwenda kukaa na Mungu huku imemwacha mwenzake barabarani kwa sababu ya nauli, na bado wema ule ukabaki kuwa wema?

Tuanze na jibu la kwanza, nililopewa na mzee mmoja wa parokia. Alisema, "Frateri, kosa lenu ni kuchanganya sala na matembezi. Mafungo si pikiniki. Mngefunga hapa hapa kanisani, hakuna ambaye angebaki." Namheshimu mzee wangu, na mtaona mbele kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Lakini siwezi kukubali kwamba kutoka pamoja na kucheza pamoja ni uchafu unaoingia ndani ya sala. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye hakuna atakayemshtaki kwa uvivu, aliandika kwamba kuna fadhila katika michezo. Anasimulia kisa cha zamani juu ya Mwinjili Yohane. Watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake, naye akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine na mwingine. Akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema hapana, upinde utavunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe.

Tena mnamkumbuka Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyekuja Tanzania Septemba 1990? Alipokuwa padre kijana kule Poland alikuwa akiwachukua vijana milimani na maziwani. Mwaka 1958 alipoitwa kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu, alikuwa safarini na vijana, wakipiga makasia kwenye mitumbwi. Kwa hiyo tusimlaumu Hombolo. Maji, miti na kicheko si adui wa Mungu.

Aristotle naye anasema jambo ambalo Mswahili analielewa haraka. Katika vitabu vyake juu ya urafiki anasema watu hawawezi kujuana kweli mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Sisi tukisema mtu amekula chumvi nyingi tunamaanisha ameishi sana, na nadhani maana hizi mbili ni ndugu: urafiki unataka siku nyingi na sahani nyingi. Anasema pia kwamba marafiki hutaka kufanya pamoja kile wanachokipenda kuliko vyote, iwe ni kunywa, kuwinda au kufalsafia. Kama sisi tunasema tunampenda Kristo kuliko vyote, basi kwenda pamoja kukaa naye ndio urafiki wetu katika kilele chake. Mafungo hayawi kitu cha ziada kwa kikundi cha vijana wakatoliki. Ndiko kwenye chumvi yenyewe.

Lakini mnaona hoja hii inanipeleka wapi. Kama mafungo ni kitu kidogo, kumwacha mtu ni kosa dogo. Kadiri ninavyoyatetea mafungo, ndivyo kosa langu linavyokua. Kilichouzwa kwa shilingi 20,000 hakikuwa wali na kuku tu. Kilikuwa nafasi ya kuwa rafiki.

Jibu la pili lilitoka kwa mhazini wetu, dada mwenye akili na roho nzuri. "Frateri, mafuta ya gari hayanunuliwi kwa Salamu Maria. Kila mtu abebe mzigo wake. Tukianza kusamehe mmoja, kesho kumi watasema hawana." Hili si jibu la mtu mbaya. Ni jibu la mtu aliyewahi kukusanya michango. Nami ninajua kwamba wapo wanaokosa mchango wa mafungo lakini bando halijawahi kuwaishia.

Hata hivyo, jibu hili nimelisikia mahali pengine, na si mahali pazuri. Fungueni Injili ya Marko, sura ya 6, kuanzia aya ya 30. Mitume wamerudi kutoka utumeni, wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaambia waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Hayo ni mafungo! Wanapanda mashua. Lakini wapo watu wasiokuwa na nafasi kwenye mashua ile. Wanawaona wakiondoka, wanakimbia kwa miguu kando ya ziwa, na wanafika kabla yao. Jioni inaingia, na mitume wanatoa pendekezo la busara kabisa: waage hawa, waende vijijini, kila mtu ajinunulie chakula. Kila mtu abebe mzigo wake. Na Yesu anawarudishia mzigo mikononi: wapeni ninyi. Wanaanza mara moja kupiga hesabu ya dinari. Yaani ukisoma vizuri utaona kamati yetu ya vijana imekaa pale kwenye majani.

Kwa miaka nimeisoma sehemu hii kama habari ya mikate. Baada ya Hombolo naisoma kama habari ya mafungo yaliyovamiwa na wasio na nauli. Na angalieni jambo moja: Yesu hakuwakasirikia kwa kuharibu ratiba. Aliwahurumia. Tena hakuyafuta mafungo. Baada ya watu kushiba, aliwatanguliza wanafunzi, akawaaga watu, akapanda mlimani peke yake kusali. Ukimya ulikuja, ila ulikuja baada ya mkate. Kumbe kujitenga kwa Yesu ni kujitenga na kelele, si na mtu mwenye njaa.

Mtasema: sasa ungemlipia tu, Frateri, yaishe. Hilo ndilo jibu la tatu, na ndilo nililolijaribu. Jumatatu nilimtafuta yule wa besi. Nilimkuta kwao, anakula ugali wa uwele na mlenda, akanikaribisha kama desturi, tukanawa, tukala. Nikamwambia, safari nyingine nitakulipia, hakuna atakayejua. Akatafuna kwanza. Halafu akasema, "Asante, Frateri. Ila nikilipiwa nitakaa kwenye gari nahesabu kila soda." Akaongeza, "Halafu siyo hela tu. Jumamosi ndiyo siku ya malipo. Nisipokuwepo, msimamizi anaweka mtu mwingine, na wiki inayofuata sina pa kuanzia." Shilingi 20,000 kwake ni siku nne za kibarua. Lakini ile Jumamosi yenyewe ilikuwa ghali kuliko mchango wote.

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilidhani umaskini ni kukosa pesa. Falsafa yangu yote haikuniambia kwamba umaskini ni pia kukosa siku. Msaada wa siri ni mzuri na Injili inausifu, na mahali pengine ndio unaotakiwa. Lakini mfuko wa msaada hauwezi kumrudishia mtu kibarua chake. Na msaada unaomwacha mtu akihesabu soda umempandisha kwenye gari na kumwacha nje ya urafiki.

Jumapili iliyofuata nilitumikia Misa. Wakati wa vipaji nikashika chupa ya divai mkononi. Pale altareni Kanisa humshukuru Mungu kwa tunda la mzabibu na kwa kazi ya mikono ya watu. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mtumishi mdogo. Siku ile nikaona mikono yenyewe, na kreti juu yake. Mikono ile haikuwemo kwenye orodha yangu, lakini kwenye sala ilikuwemo muda wote.

Nikamsimulia rafiki yangu mmoja Mwanglikana, anayelea vijana katika parishi ndogo ya Dayosisi ya Central Tanganyika. Hapa Dodoma wao ni majirani zetu wa zamani, dayosisi yao ilianza mwaka 1927, na kwa mambo ya vijana tunaumwa magonjwa yale yale. Akacheka, akasema kwao pia "fellowship" siku hizi inaanza na bei ya basi. Halafu akanikumbusha Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi huku. Moyo wake ulikuwa ni watu kuketi pamoja, kuungama wazi na kusameheana, mmishonari na mwenyeji, msomi na asiyesoma. Walichohitaji ni mahali pa kuketi. Sisi wakatoliki tuna njia zetu na sakramenti zetu, lakini swali lake lilinibakia: ni lini tuliamua kwamba Mungu anaanza kusema baada ya kilomita 40?

Nikarudi kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Papa Pius wa XI alimtangaza mwaka 1922 kuwa msimamizi wa mafungo ya kiroho. Katika maelekezo mwanzoni mwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, Inyasi anamfikiria mtu anayebanwa na shughuli, asiyeweza kuondoka. Hasemi mtu huyo asubiri mpaka apate nafasi. Anasema apewe mazoezi yale yale kidogo kidogo, saa moja na nusu kwa siku, akiwa katika maisha yake. Karne tano zilizopita mtu alishaona kwamba ratiba inaweza kumfungia mtu mlango.

Basi Juni tukajaribu. Jumapili, baada ya Misa ya asubuhi, tukatembea kwa miguu hadi kwenye kigango chetu kimoja, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Hakuna mchango. Kila mtu alete alichonacho: unga, karanga, dagaa, kuni. Mama mmoja wa WAWATA akatuazima sufuria. Tukakaa chini ya mbuyu, upepo wa kiangazi ukiwa umeshaanza kutuchapa vumbi. Yule wa besi alikuwepo.

Hapa mngependa niwaambie kwamba aliongea maneno mazito, vijana wakalia. Haikuwa hivyo. Alilala. Nilipoanza tafakari ya kwanza aliegemea shina la mbuyu, na kabla sijamaliza aya ya pili alikuwa anakoroma, kwa sauti ya besi vilevile. Vijana wakaanza kucheka, na mimi, nakiri, nilikereka. Nimehangaika yote haya kwa ajili yako, halafu unalala! Kisha nikamkumbuka Elia jangwani, aliyechoka akaomba afe. Malaika hakumpa mahubiri. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena. Na mwaliko wa Yesu kwa mitume wake ulikuwa upi hasa? Wapumzike kidogo. Katika watu wote pale chini ya mbuyu, ni yeye peke yake aliyekuwa akiutii kwa uaminifu kamili. Nikateremsha sauti, nikaendelea.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Siku ile tulikuwa wachache zaidi. Wanane miongoni mwa waliokwenda Hombolo hawakuja. Mmoja alinitumia meseji: "Frateri, vumbi hapana." Hakukuwa na maji ya kutazama, na ukimya ulivunjwa na mbuzi. Hatukupata kile tulichokipata Hombolo. Kwa hiyo siwaambii kwamba mbuyu ni mtakatifu na Coaster ni dhambi. Kuna wema ambao unapatikana tu kwa kwenda mbali, na natumaini tutakwenda tena, Mungu akipenda, hata Bagamoyo.

Ninachoamini sasa ni hiki. Mafungo ya jumuiya si jumla ya mafungo ya watu binafsi. Mtu akienda peke yake, anajibu kwa roho yake tu. Lakini tukisema "sisi" tumekwenda, tumejitwisha swali la nani yumo katika hilo "sisi". Na swali hilo halijibiwi madhabahuni. Linajibiwa wiki mbili kabla, kwenye kikao, pale tunapopanga siku, bei na usafiri. Pale ndipo mafungo yanapoanzia, na mara nyingi ndipo dhambi yake inapofanyika, kwa upole kabisa, na rula mkononi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami nadhani kazi ya kwanza ya mafungo ni kumfanya mwenye shibe aulize.

Kama umeshika daftari la kikundi chako, VIWAWA, TYCS, kwaya au chochote, naomba ujaribu mambo mawili. Kwanza, kabla ya kupanga bei, taja kwa jina wale watatu ambao unajua watapata "dharura", uende ukawaulize siku gani wana nafasi. Waulize kwao, si kwenye grupu la WhatsApp. Pili, kwa kila safari ya mbali, pangeni moja ya karibu isiyo na mchango, na msiifanye kuwa ya daraja la pili.

Swali langu sijalimaliza. Wema wa Hombolo ulikuwa wema kweli? Nadhani ndiyo, ila ni wema wenye deni, na deni hilo tumeanza kulilipa kidogo kidogo. Kama una mawazo tofauti, niandikie, napenda kubishiwa.

Tusali: Bwana Yesu, uliyewaita marafiki zako wapumzike kando, na ukawapokea waliofika kwa miguu, utufundishe kusubiriana. Uwape pumziko wote ambao leo wako kazini wakati sisi tunasali. Amina.

Jumapili iliyopita, baada ya kwaya, yule wa besi alinifuata. "Frateri, yale mafungo ya kulala ni lini tena?" Nikamwambia, "Taja siku wewe." Akafikiri. Bado nasubiri jibu, na daftari liko wazi.